Chuo kikuu cha hapa mjini, au besiboli kule mbali?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mama hutusomea safu yako Jumapili tukitoka kanisani, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Nina miaka 18, ni wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto watano, na tunaishi Houston, Texas. Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, walivuka ziwa wakati wa vita. Tulifika Marekani nikiwa na miaka minane.

Besiboli nilifundishwa na watoto wa Kimeksiko kwenye nyumba za kupanga tulizofikia. Hawakuwa na mtu wa kurusha kwa mkono wa kushoto, na mimi kila kitu nafanya kwa kushoto. Tangu hapo sijaacha. Mwaka huu ndio wa mwisho wa sekondari, na mimi ndiye mrushaji anayeanza mechi kubwa za shule yetu. Mpira wangu wa kasi unafika maili 86 kwa saa, na ule wa kupinda unawasumbua sana wapigaji. Hakuna chuo kikuu cha daraja la kwanza, lile la juu kabisa katika michezo ya vyuo, kilichonitafuta. Lakini kocha wa chuo kimoja cha miaka miwili, juko kama tunavyoita, huko magharibi mwa Texas, alikuja kuniona mara kadhaa na sasa ananitaka. Amesema nitasomeshwa, nitalala na kula bure. Ni zaidi ya saa saba kwa gari kutoka nyumbani. Anasema timu yake inalenga kufika fainali za kitaifa za juko kule Grand Junction, Colorado, na kwamba Andy Pettitte, mrushaji maarufu wa mkono wa kushoto kama mimi, naye alianzia juko.

Wakati huohuo nimekubaliwa chuo kikuu cha serikali hapa mjini, kitivo cha uhandisi. Msaada wa serikali pamoja na ufadhili waliouahidi unalipa karibu ada yote, kwa sharti kwamba naishi nyumbani. Ningeendelea na kazi yangu ya wikiendi ghalani. Sehemu ya mshahara wangu huwa namkabidhi mama, maana baba aliumia mgongo kiwanda cha nyama, na siku hizi hapati ovataimu.

Baba alikuwa mwalimu kule kambini. Vyeti vyake huku havikutambuliwa. Nilipomweleza habari za juko alisema maneno mawili tu: "Sikuvuka ziwa ili mwanangu arushe mpira." Akaenda kulala. Hajawahi kupenda mchezo huu. Alikuja uwanjani mara moja tu, ametoka zamu ya usiku na viatu vya kazini, akasimama nje ya uzio mpaka mwisho. Tukiwa kwenye gari akaniuliza kwa nini refa ananikazia macho kila ninapotaka kurusha kuelekea beisi ya kwanza. Nikamweleza, akanyamaza. Hakurudi tena.

Kanisani nako, mwezi wa sita mzee wa kanisa huwasimamisha wahitimu wote na kutaja vyuo wanavyokwenda. Rafiki zangu wanakwenda vyuo vyenye majina. Mmoja aliniambia juko ni kwa walioshindwa shule. Mimi sikushindwa shule, Mama.

Kiwiko hunisumbua kidogo siku ya pili baada ya kurusha, lakini si kitu, nikiweka barafu kinatulia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nikibaki nitajiuliza maisha yangu yote ningefika wapi, na nikiondoka baba ataona nimetupa kila alichoteseka kwa ajili yangu. Kocha anataka jibu baada ya wiki mbili. Mama yangu hasemi kitu. Nifanye nini?

Mrushaji wa kushoto, Houston

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa usiku usiolala, na hongera, maana kijana aliyefika ugenini na miaka minane na leo vyuo viwili vinamgombania amefanya kazi, na nyumba iliyomlea imefanya kazi.

Nikikuelewa vizuri, una nafasi mbili zinazofunguka kwa wakati mmoja. Ya kwanza inakupa uwanja, bweni na ndoto, lakini inakutoa nyumbani. Ya pili inakupa shahada yenye jina, kitanda chako ulichozoea na mshahara wa wikiendi, lakini inakunyang'anya mpira. Juu ya yote kuna uso wa baba. Nadhani uso wa baba ndio mzito kuliko vyote, kwa hiyo nianze naye.

Umeandika kwamba baba hajawahi kupenda mchezo huu. Ukaandika pia, mistari miwili baadaye, kwamba alitoka zamu ya usiku na badala ya kwenda kulala akasimama kwenye uzio mpaka mchezo ukaisha, tena mgongo unamuuma. Kisha akakuuliza kuhusu refa na beisi ya kwanza. Mwanangu, hilo ni swali la mtu aliyekuwa anatazama. Mrushaji wa kushoto anasimama akiwa ameielekea beisi ya kwanza, na kosa dogo la mguu linamfanya refa amsogeze bure mkimbiaji wa timu pinzani mpaka beisi inayofuata. Wapo watu wanaoangalia besiboli miaka na hawajaona jambo hilo. Baba yako aliliona siku ya kwanza. Sijui kwa nini hakurudi. Huenda ni zamu, huenda ni maumivu, huenda alihisi ni mahali pasipo pake. Ninachokuomba ni usihitimishe kwamba anauchukia mpira. Mwalimu ambaye vyeti vyake vilikataliwa ana sababu yake ya kushikilia karatasi isiyoweza kukataliwa. Anaogopa uishie kwenye mgongo kama wake. Hofu hiyo inazungumzika. Chuki isingezungumzika.

Tuje kwenye juko yenyewe. Aliyekwambia ni kwa walioshindwa hajui anachokisema, na siku ya kutajwa kanisani utasimama kama wengine, tuliache hapo. Vyuo vya miaka miwili vina chama chao cha michezo tangu 1938, na fainali za besiboli zinachezwa Grand Junction tangu 1959. Vijana wengi wanaokwenda huko wana alama nzuri tu, kilichowapungukia ni nafasi. Siku hizi nafasi zimezidi kubana. Tangu mwaka wa masomo 2025/26, vyuo vikuu vya daraja la kwanza vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji haviruhusiwi kuzidisha wachezaji 34 katika timu ya besiboli. Kocha mwenye nafasi chache anachagua kijana wa miaka 21 aliyekwisha komaa kuliko wa miaka 18 anayerusha maili 86. Kwa hiyo kutokutafutwa kwako leo hakumaanishi kwamba huna kitu mkononi.

Sasa tuseme na yale ambayo kocha hakukuambia, au alikwambia ukiwa umeshafurahi mno kusikiliza.

"Utasomeshwa, utalala na kula bure" ni maneno. Mkataba ni karatasi. Chuo cha miaka miwili kilicho daraja la kwanza la chama chao kinaruhusiwa kulipa ada, vitabu, bweni na chakula, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Timu moja inampa huyu yote, yule ada tu, na mwingine vitabu. Tena barua ya ahadi ya vyuo hivi ni ya mwaka mmoja wa masomo. Mwaka wa pili unaahidiwa upya, au hauahidiwi. Muulize kocha kwa adabu: nini hasa kimeandikwa, na nikiumia mwezi wa pili bweni langu linabaki? Muulize pia analeta warushaji wangapi msimu wa vuli, na wangapi wanabaki msimu wa mechi ukianza. Timu nyingi hukusanya vijana wengi vuli, halafu wanachujwa. Kocha mwema hatakasirika ukimuuliza. Akikasirika, amekujibu.

Jambo la pili ni masomo, na hapa barua yako imenishtua kidogo. Umenieleza mpira wako wa kasi na ule wa kupinda. Uhandisi umeutaja kwa neno moja. Je, unaupenda, au ni baba aliyeupenda kwa niaba yako? Siulizi kwa kukushuku. Jibu lako linabadilisha hesabu nzima. Texas ina masomo ya msingi ya saa 42 za mihula (saa hizo ni kipimo cha uzito wa masomo) ambayo ukiyamaliza yote chuo kimoja cha serikali, chuo kingine cha serikali kinayapokea kama yalivyo. Kwa mtu anayetaka biashara, ualimu au mambo ya jamii, miaka miwili ya juko inaweza kuhamishwa bila kupoteza kitu kikubwa. Uhandisi ni mgumu zaidi. Unataka hesabu za juu na fizikia zenye maabara, hatua kwa hatua, na maabara nyingi ni alasiri, saa zilezile za mazoezi. Ongeza zaidi ya mechi 50 za msimu wa machipuko na safari za basi katika jimbo kubwa kama hilo. Vijana huishia kuahirisha fizikia, na wakihamia chuo kikuu wanajikuta wako nyuma mwaka mzima. Kabla ya kusema ndiyo, omba orodha ya masomo ya muhula wa kwanza, ipeleke kwa mshauri wa kitivo cha uhandisi hapo mjini, umuulize yapi atayatambua. Kazi hiyo haimalizi hata wiki.

Na ufadhili wa hapo mjini, je? Ufadhili mwingi ambao vyuo vikuu vinatoa ni wa wanaoingia mwaka wa kwanza. Ukienda juko na kurudi baada ya miaka miwili, unarudi kama mwanafunzi wa kuhamia, na fungu hilo huenda halipo tena. Msaada wa serikali kuu, ule wa Pell, unakufuata kote kuwili. Mwaka wa masomo 2025/26 ulifika hadi dola 7,395 kwa mwenye uhitaji mkubwa. Lakini una kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Ukipoteza mwaka kwa masomo yasiyohamishika, umeupoteza na kwenye mfuko huo.

Kuhusu Andy Pettitte, kocha wako hakudanganya. Alikulia Deer Park, hapo kando ya Houston, akachezea chuo cha miaka miwili cha San Jacinto, akaja kutwaa ubingwa wa ligi kuu mara tano na timu ya Yankees. Mtafute na Albert Pujols, mhamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika aliyecheza chuo cha miaka miwili huko Kansas City kabla ya timu ya Cardinals kumchukua 1999. Ni habari za kweli na zina haki ya kukutia moyo. Ila ziangalie kwa ukaribu. Pettitte alichaguliwa katika raundi ya 22 ya drafti ya 1990, yaani ule uteuzi wa kila mwaka ambao timu za ligi kuu huchagua wachezaji wapya, na Pujols raundi ya 13. Tangu 2021 drafti ina raundi 20 tu. Yaani mlango alioupitia huyo wa kushoto mwenzako leo haupo. Ipo faida moja: mchezaji wa juko anaweza kuchaguliwa baada ya mwaka wa kwanza au wa pili, wakati wa chuo kikuu cha miaka minne kwa kawaida husubiri amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Lakini wengi wa wanaokwenda juko hawafiki ligi kuu. Wengi huhamia chuo kikuu, wakacheza kidogo, wakamaliza shahada. Ukijiuliza "ningefika wapi", jiulize pia: kama mwisho wake ni hapo tu, miaka miwili ya mpira na shahada baadaye, ningeona nimepata au nimekosa? Kijana mmoja atasema amepata, tena sana. Mwingine atasema hapana. Wote wawili wako sawa.

Tena Pettitte hakwenda saa saba kutoka nyumbani. Chuo chake kilikuwa jirani na kwao. Hilo linanipeleka kwenye njia ambayo hukuitaja. Umeweka mbili tu, kana kwamba Texas ina chuo kimoja cha miaka miwili chenye uwanja. Je, kocha wako wa sekondari ameshawapigia simu makocha wa vyuo vilivyo karibu na Houston? Huenda hawana pesa ya kukupa, huenda ushindani wao ni mkali zaidi, lakini ungelala nyumbani na wikiendi zisizo na mechi ungeingia ghalani. Au ukiingia chuo kikuu, kuna majaribio kwa wasio na ufadhili, ingawa kwa hesabu ile ya wachezaji 34 mlango ni mwembamba, na kuna timu za vilabu vya wanafunzi ambapo watu wanacheza kwa mapenzi tu. Kwa mtu mwenye ndoto yako, klabu inaweza kuonekana kama chai isiyo na sukari. Kwa mtu anayetaka tu asiuache mpira, inatosha. Kuhusu kusubiri mwaka mmoja, nakuonya kwamba kocha hatakuwekea kiti, na mkono usiorusha hushuka kiwango. Na kama unawaza kucheza juko miaka miwili halafu chuo kikuu, uliza sheria za mwaka huohuo utakaoingia. Suala la kama misimu ya juko ihesabiwe kwenye ile misimu minne ambayo mchezaji wa chuo kikuu huruhusiwa kucheza lilifika mahakamani mwisho wa 2024, na sheria zinabadilika.

Sasa kiwiko. Umekitaja mwishoni mwa barua na kukifunika kwa barafu. Mimi si daktari, lakini mrushaji wa miaka 18 anayeumwa kiwiko kila anaporusha anahitaji kupimwa kabla ya kutia sahihi popote. Ile kano ya upande wa ndani wa kiwiko ndiyo iliyompeleka mrushaji Tommy John kwenye upasuaji mwaka 1974, na upasuaji huo ukabaki na jina lake. Warushaji wanaofanyiwa leo hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Huenda chako ni uchovu wa misuli na mapumziko yanatosha. Huenda sivyo. Ukienda mbali ukiwa na kiwiko ambacho hakuna anayejua hali yake, na mkataba ni wa mwaka mmoja, umeweka kila kitu juu ya kitu usichokijua. Mwambie muuguzi wa michezo shuleni, uulize na kuhusu bima yenu inalipa nini. Mwambie na baba. Mtu aliyeumia kazini anajua habari za maumivu yanayofichwa.

Kuhusu zile wiki mbili, kocha ana haki ya kutaka jibu, nawe una haki ya kuomba siku zaidi kwa sababu inayoeleweka: unasubiri majibu ya daktari na ya mshauri wa masomo. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hutaka jibu lako ifikapo Mei 1, kwa hiyo kama bado hujaipita tarehe hiyo, usiruhusu karatasi moja ikuharakishe kuichana nyingine.

Halafu kaa na baba. Usimwendee na uamuzi uliokwisha kufanywa, wala usimwombe ruhusa kama mtoto wa miaka kumi. Mpelekee karatasi: ya chuo kikuu, ya juko, na majibu utakayokuwa umepata kuhusu saa za masomo. Ni mwalimu, mpe kitu cha kusahihisha. Muulize ni kipi hasa anachokiogopa, kisha unyamaze mpaka amalize, hata kama atachukua muda. Inawezekana atashikilia msimamo wake. Hapo utaamua ukijua unapingana na nini, na si kukisia. Inawezekana pia utagundua kwamba yeye anadhani umeacha shule, wakati wewe unazungumzia shule nyingine.

Mtu wa mwisho ni mama. Umemwandikia mstari mmoja, kwamba hasemi kitu. Ila ndiye unayemkabidhi mshahara, ndiye anayejua kodi ya nyumba inalipwaje mwezi ambao baba hana ovataimu, na ndiye atakayebaki na wadogo zako wanne ukipanda basi la magharibi. Anaweza kukwambia "nenda, tutajibana", au akakwambia pengo litakuwa kubwa kuliko unavyodhani. Huenda pia ana shauri lake kuhusu baba yako ambalo mimi siwezi kulijua nikiwa huku. Sijaona kwenye barua yako mahali ulipomuuliza. Muulize mkiwa wawili, kabla hujampigia kocha.